Nyumba isiyonuka au nyumba inayonukia? Njia saba za asili, na kila moja inamfaa nani

Mpwa wangu ana miaka tisa na bado hajajifunza kumezea neno. Siku aliyokuja, nilikuwa nimetoka kuchemsha maganda ya limau kwa nusu saa nzima na najisifu kimoyomoyo. Akavua viatu mlangoni, akanusa mara mbili, akasema: "Shangazi, hapa kunanuka soksi za limau."

Nilicheka, lakini hakukosea. Soksi zilikuwa chini ya kochi, limau lilikuwa jikoni, na kazi yangu yote ilikuwa kuzikutanisha.

Kiswahili kimetenganisha mambo haya kwa vokali moja tu: kunuka na kunukia. Wengi wetu tunakimbilia kunukia kabla hatujamalizana na kunuka. Katikati kuna hali ya tatu ambayo haina hata jina lake, nyumba isiyonuka wala kunukia, yenye hewa tu. Kwa nyumba ya watoto, viatu, jiko lisilopoa na nguo zisizoisha, hiyo hali ya tatu peke yake ni hatua kubwa. Baadhi ya njia zilizoko hapa chini zinakufikisha hapo. Nyingine zinafaa baada ya kufika.

Vipimo vyangu

Njia zote saba nimezipitisha kwenye maswali manne yaleyale. Kwanza kazi yake: inang'oa harufu kwenye chanzo, inainasa, au inaifunika tu? Pili muda: inakula dakika ngapi za mikono yako, na matokeo yanakaa saa, siku au wiki? Tatu tahadhari, kwa sababu nyumba yenye pilikapilika ina mtoto anayetambaa, pengine mtu wa pumu, pengine paka, na hakika ina mtu atakayesahau kitu jikoni. Nne, inamfaa nani.

Ipi inanukia vizuri zaidi sikuuliza. Hilo kila mtu na pua yake.

Kwanza, harufu hiyo inaitwaje?

Lugha yetu imejaliwa majina: shombo la samaki, maziwa yaliyochacha, kikwapa, uvundo wa nguo zilizokaa mbichi, ukungu wa kabatini. Ukishalitaja jina, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Shombo linatokana na trimethilamini, na mkojo uliolala hutoa amonia. Vyote viwili viko upande wa alkali. Maziwa yaliyochacha, matapishi na soksi viko upande wa asidi. Jasho lenyewe likitoka huwa karibu halina harufu. Ni bakteria wa ngozini wanaolila na kuacha asidi zenye kunuka. Alkali hupozwa kwa asidi, na asidi kwa alkali. Ukilishika hilo, siki na soda hazitakuchanganya tena.

Uvundo na ukungu ni kesi nyingine. Hapo mkosaji ni maji. Kitu kikibaki kimelowa, ukungu unaweza kuanza kumea ndani ya saa 24 hadi 48, na hakuna manukato yanayokausha taulo.

Halafu kuna pua zetu wenyewe. Mwenye nyumba ndiye shahidi asiyeaminika kabisa, kwa kuwa pua huzoea harufu ndani ya dakika chache na kuacha kuitolea taarifa. Toka nje kwa robo saa, rudi, na uamini pumzi mbili za kwanza. Au mwalike mpwa.

1. Hewa na jua

*Kazi yake.* Hewa inaitoa harufu nje ya nyumba, na jua linakausha kile kinachoizalisha. Dirisha moja lililofunguliwa husaidia kidogo. Mawili yanayotazamana, na milango ya katikati wazi, huipitisha hewa moja kwa moja.

Kinachosahaulika ni wakati. Ukikaanga, mafuta huruka hewani kama matone madogo mno, yanatua kwenye mapazia, kuta na mito ya kochi, na kuanzia hapo harufu inakuwa mali ya kitambaa. Kwa hiyo fungua dirisha mafuta yakiwa bado yanapata moto, na ukiweza funga mlango unaoelekea sebuleni. Kufungua baada ya chakula kuiva ni kumfukuza mwizi akiwa ameshajificha uvunguni.

*Muda.* Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na mikono yako iko huru. Matokeo ni ya papo hapo lakini hayana akiba: chanzo kikibaki ndani, harufu inarudi. Godoro, mito na viatu vikipata saa kadhaa za jua, faida hukaa siku nyingi.

*Tahadhari.* Ni chache. Pakiwa na moshi au vumbi nje, funga. Na siku ambayo nje kuna unyevunyevu kuliko ndani, dirisha la chumba chenye ukungu linaweza kuongeza tatizo.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, na hasa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu. Haimtoshi anayeishi kwenye vyumba vya dirisha moja, au anayetoka alfajiri na kurudi usiku huku kila kitu kimefungwa.

2. Siki

*Kazi yake.* Siki nyeupe ya kawaida ina asidi asetiki ya asilimia 5 hivi. Inapoza harufu za alkali: shombo kwenye ubao wa kukatia, ndoo ya taka, sakafu iliyo karibu na choo. Hapa inaondoa kweli, haifuniki. Bakuli la siki lililowekwa mezani baada ya kukaanga nalo lina msaada, ila mdogo. Siki inataka kugusa kinachonuka.

*Muda.* Changanya nusu kwa nusu na maji kwenye chupa ya kupulizia, puliza, futa. Dakika tano. Yenyewe itanuka kwa muda, kisha itakauka na kuondoka na harufu yake.

*Tahadhari.* Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo au kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Usiipake kwenye jiwe la marumaru, maana asidi inalila. Na usitarajie miujiza kwa mkojo wa paka uliokwisha kukauka kwenye zulia. Mkojo huo huacha chembe za asidi ya yuriki zisizoyeyuka kirahisi. Unafikiri umeshinda, kisha siku ya unyevunyevu harufu inafufuka. Hapo tafuta dawa yenye vimeng'enya, inayozivunja chembe zenyewe.

*Inamfaa nani.* Mwenye jiko linalopika samaki mara kwa mara, na mwenye mtoto anayejifunza kutumia choo.

3. Soda ya kuokea

Nazungumzia ile bikaboneti laini inayoumua keki. Isichanganywe na soda kali ya kutengenezea sabuni au kuzibulia mabomba, ambayo inaunguza ngozi. Soma kibandiko.

*Kazi yake.* Ni alkali ya upole, kwa hiyo inafaa kule ambako siki haifai: viatu, soksi, chupa ya maziwa iliyosahaulika, godoro lililotapikiwa. Begi la shule la kwetu liliwahi kurudi na chupa ya maziwa iliyokaa humo tangu Ijumaa, kifuniko kimelegea, kitambaa cha ndani kimeshikana kama kimegandishwa. Nililifua mara moja kwa sabuni, likanuka. Nikalitandazia soda ndani likiwa bado na unyevu kidogo, nikaliacha usiku kucha, nikalikung'uta asubuhi na kulisuuza. Likawa begi tena.

*Muda.* Dakika mbili za kunyunyiza, saa nyingi za kungoja, kisha kukung'uta au kufyonza kwa mashine. Haina haraka, na ukiiharakisha haifanyi kitu. Kwenye friji, imwage kwenye sahani pana, maana ni uso wake wa juu tu unaofanya kazi. Ikiganda juu, ikoroge au uibadilishe.

*Tahadhari.* Hukausha ngozi ya viatu ikizoeleka humo, na huacha doa jeusi kwenye sufuria za alumini. Vumbi lake lisipulizwe usoni pa mtoto.

*Inamfaa nani.* Nyumba ya wanamichezo, ya watoto wadogo, ya mazulia. Mtu anayeweza kunyunyiza usiku na kusahau hadi asubuhi.

Nikiwa hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya watu. Kuchanganya siki na soda kwenye chupa moja kunapendeza kwa macho, povu linapanda, unaona kabisa kazi inafanyika. Povu hilo ni kaboni dioksidi ikiondoka, na kinachobaki ni maji na chumvi ya asetati isiyo na nguvu ya maana. Umezigonganisha dawa mbili nzuri zikauana. Tumia moja, suuza, kisha nyingine ukitaka.

4. Mkaa

*Kazi yake.* Mkaa hunasa. Umejaa vitundu vidogo ambavyo molekuli za harufu huingia na kushikamana humo. Mkaa ulioamilishwa, yaani uliochomwa kwa namna maalumu ili vitundu viongezeke, una uso mkubwa ajabu: gramu moja yake huwa na zaidi ya mita za mraba 500 ukizihesabu kuta zote za ndani. Mkaa wa kawaida wa kuni una uso mdogo zaidi lakini kanuni ni ileile. Haujali asidi wala alkali. Na hauna harufu yake ya kutuletea.

*Muda.* Dakika moja ya kuuweka ndani ya mfuko wa kitambaa, kisha siku kadhaa za subira. Unafaa mahali padogo palipofungwa: kabati la nguo, sanduku la viatu, friji. Sebuleni utapotea kama tone la maji baharini. Watu huuanika juani "uamke". Jua hutoa unyevu na sehemu ya kilichonaswa, si chote, kwa hiyo baada ya miezi michache ubadilishe.

*Tahadhari.* Mikono na kuta nyeusi kama mtoto ataupata. Usitumie mkaa uliotiwa mafuta ya kuwashia. Na hapa tunauweka tu, hatuuwashi: mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoua na isiyo na harufu yoyote.

*Inamfaa nani.* Asiyependa manukato hata kidogo, na mwenye kabati linalonuka uzee ingawa ni kavu.

5. Viungo vya kuchemsha

*Kazi yake.* Mdalasini, karafuu, maganda ya machungwa au limau kwenye sufuria ya maji, moto mdogo. Mvuke unabeba eujenoli ya karafuu na limonini ya maganda hadi vyumbani. Kwa maneno mengine, inafunika. Lakini inafunika kwa ukarimu. Nyumba inanukia kama kuna mtu anayekungoja.

*Muda.* Dakika tatu kuandaa, nusu saa au zaidi kuchemka, na harufu inakaa saa chache. Muda mgumu ni ule wa kukumbuka. Siku moja niliiwasha sufuria, simu ikaita, nikaenda kuanua nguo, nikakuta na mazungumzo uani. Niliporudi, maji yalikuwa yameisha na karafuu zimekuwa mkaa, na si ule wa kunasa harufu. Mdalasini ulioungua ulikaa kwenye mapazia siku mbili.

*Tahadhari.* Hiyo hapo juu, pamoja na mpini wa sufuria usioelekezwa upande wa mtoto. Kisha hili lisilosemwa: unaongeza mvuke ndani. Nyumba yenye ukungu ukutani haihitaji mvuke.

*Inamfaa nani.* Anayeshinda jikoni hata hivyo, na ambaye maganda yangeenda jalalani.

6. Ubani na udi

*Kazi yake.* Ubani ni utomvu mkavu wa miti ya jenasi ya Boswellia. Udi una hadithi tamu zaidi: mti wa Aquilaria ukishambuliwa na ukungu hujitetea kwa kutoa utomvu ndani ya shina, na kipande hicho chenye ugonjwa ndicho tunachokithamini. Ukungu ulioleta harufu nzuri! Ukifukiza, moshi unafunika harufu nyingine na kujipenyeza kwenye vitambaa.

*Muda.* Dakika kumi, na nguo au mapazia yatashika harufu kwa siku. Kati ya njia zote za kunukia, hii ndiyo inayodumu.

*Tahadhari.* Mmea kuwa wa asili hakuufanyi moshi wake kuwa hewa safi. Ni moshi wenye chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu, pamoja na kaboni monoksidi kidogo. Fukiza dirisha likiwa wazi, chetezo mbali na watoto na mapazia, na usifukize alipo mchanga au mwenye pumu.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba iliyokwisha safishwa, anayetaka harufu yenye haiba, na ambaye hakuna anayekohoa chumba cha pili.

7. Mafuta ya mimea yenye kunukia

*Kazi yake.* Lavenda, mkaratusi, mchaichai na mengineyo, matone machache kwenye pamba au kwenye kifaa cha kuyatawanya. Yanafunika.

*Muda.* Sekunde. Hakuna njia nyepesi kuliko hii, ndiyo maana inapendwa na wenye haraka. Tone kwenye pamba chini ya mfuko wa taka hudumu siku moja au mbili.

*Tahadhari.* Uzito wa njia hii uko hapa. Chupa ni ndogo, inanukia kama peremende, na mtoto akimeza hata kijiko cha chai cha mafuta ya mkaratusi anaweza kupata degedege, ifungie juu. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja vizuri vitu kadhaa vilivyomo, kwa hiyo kwenye nyumba ya paka kifaa cha kutawanyia si wazo zuri. Limonini nayo, ile ya maganda ya limau na machungwa, ikikutana na ozoni iliyomo hewani, hutoa kiasi cha formaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo. Matone mawili, dirisha wazi. Si kumi, mlango umefungwa.

*Inamfaa nani.* Watu wazima wasio na paka wala pumu, wenye choo kidogo na dakika moja.

Na mimea ya chunguni?

Nimeiacha nje makusudi. Mwaka 1989 NASA ilitoa utafiti ulioonyesha mimea ikipunguza kemikali hewani, lakini ilijaribiwa ndani ya vyumba vidogo vilivyozibwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walipozipitia tafiti za aina hiyo mwaka 2019, walikuta ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kufikia kile ambacho mzunguko wa kawaida wa hewa wa jengo hukifanya bure. Panda kwa sababu inapendeza.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una watoto wadogo na hulali vya kutosha: hewa asubuhi, soda kwenye viatu na godoro usiku, siki kwenye ndoo ya taka kila unapoimwaga. Achana na vya kuwasha na vya kudondosha kwa miaka michache.

Nyumba inanuka uvundo: tafuta maji kabla ya kutafuta dawa. Taulo zilizorundikwa, nguo zilizosahauliwa kwenye mashine, dodoki la vyombo lisilowahi kukauka, kona ya ukuta nyuma ya kabati. Kausha, anika, kisha weka mkaa kabatini.

Harufu ya mtaro inatoka bafuni lisilotumika: huenda huhitaji chochote kati ya hivi saba. Chini ya kila sinki na choo kuna bomba lililopinda linaloshika maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia gesi ya mtaro kupanda. Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye mpindo wa namna hiyo mwaka 1775, na bado ndiyo kinga yetu. Bomba lisipotumika, maji hukauka. Mwaga lita moja au mbili, ngoja kidogo, nusa tena.

Unapika sana na dirisha ni moja: funika sufuria, futa kuta za karibu na jiko kwa siki, na viungo vya kuchemsha uviwashe ukiwa umesimama hapohapo.

Mna mwenye pumu: hewa, siki, soda, mkaa. Hizo zingine waachie majirani.

Umenusa gesi ya kupikia, ile harufu kama yai bovu: imewekwa humo kwa makusudi ikuonye. Usiifunike kwa lolote. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe moto wala swichi, toka nje, kisha ita fundi.

Wageni wako njiani na una dakika kumi na tano: taka zitoke nje, viatu viende uani, madirisha mawili wazi kwa dakika kumi. Kwenye zile tano zilizobaki, ukitaka kunukia, sasa nukia. Na uangalie chini ya kochi.